Simu Ikiingiwa na Kirusi, Anza na Laini

Simu ya Android iliyoingiwa na programu hasidi humtia mwenyewe hasara mara mbili. Ya kwanza ni pale programu inapoingia. Ya pili ni pale mwenye simu, kwa hofu, anapokimbilia kubadilisha namba ya siri ya pesa akiwa kwenye simu ileile. Hasara hii ya pili mara nyingi ndiyo kubwa, na ndiyo inayoweza kuepukwa kabisa. Mpangilio unaofuata umetokana na makosa. Kila hatua imekaa mahali pake kwa sababu iliwahi kuruka zamu yake na mtu akapoteza pesa, picha au akaunti.

Wengi hushtuka simu ikipata joto au betri ikiisha haraka. Hizo ni dalili dhaifu. Betri iliyochoka hufanya vivyo hivyo, na simu iliyojaa huwa nzito bila kirusi chochote. Dalili za kuaminika ni matangazo yanayojitokeza wakati hujafungua programu yoyote, hata skrini ikiwa imefungwa. Salio linalopungua kidogokidogo, likifuatana na meseji za kukupongeza kwa kujiunga na huduma usiyoiomba. Tarakimu za uthibitisho zinazoingia wakati huingii popote. Na marafiki kukuuliza kuhusu meseji ambayo hukuituma.

Iko dalili moja ambayo ukiiona huhitaji kubahatisha tena. Unafungua Mipangilio, unaiendea programu unayoishuku ili uiondoe, na ukurasa unajifunga wenyewe. Unarudi, unajifunga tena. Hapo ujue kuna programu iliyopewa ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho au viungo, nayo inakubonyezea kitufe cha kurudi nyuma kila unapoikaribia. Programu yenye ruhusa hiyo husoma kilichoko kwenye skrini, hufuatilia unachoandika, na hubonyeza kwa niaba yako. Ruhusa nyingine zote ni ndogo mbele ya hiyo.

Ukurasa wa kivinjari unaokuambia kwamba simu yako ina virusi na ubonyeze hapa kuisafisha haumo katika dalili hizi. Tovuti haina uwezo wa kuchunguza simu. Ufunge tu. Simu nyingi zilizokuwa nzima ziliambukizwa na "dawa" iliyopakuliwa kutoka ukurasa wa namna hiyo.

Ukishaona dalili, toa laini. Usianze na kuzima simu, usianze na kupakua kizuia virusi, usianze na kubadilisha neno la siri. Zima Wi-Fi na data, kisha chomoa laini zote mbili kama ziko mbili. Kama ni laini ya kielektroniki (eSIM) isiyochomoka, washa hali ya ndegeni. Sababu ni hii: karibu kila hasara ya pesa inayoanzia kwenye simu hupitia laini. Tarakimu za uthibitisho huingia kwa meseji. Meseji za kuambukiza watu wako hutoka kwa laini. Programu za jamii ya Joker, zinazokuandikisha kwenye huduma za kulipia, hutegemea mtandao wa simu kukutambua kwa namba yako unapotumia data, na baadhi yake huzima Wi-Fi kwa makusudi ili mawasiliano yapite kwenye data ya laini. Bila laini, wizi huo hauna njia.

Kabla ya kugusa kingine chochote, chukua simu ya mtu mwingine upige picha skrini: meseji za kujiunga, matangazo, muda, majina ya programu usizozifahamu. Picha ya skrini iliyopigwa na simu yenyewe itafutika pamoja na simu. Ushahidi huu ndio utakaouonyesha mtandao wako wa simu au benki ukidai pesa yako, na madai bila tarehe na saa huchelewa sana.

Laini yenyewe kwa kawaida haibebi kirusi. Iweke kwenye simu safi; kitochi cha vitufe kinafaa kuliko simu janja ya kuazima, kwa sababu hakuna wa kukusomea skrini. Kisha fanya mambo haya ya pesa kwa mfululizo. Badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya pesa za simu. Piga huduma kwa wateja, uwaombe wakusomee huduma zote za kulipia ambazo namba yako imeandikishwa na waziondoe moja baada ya nyingine. Usikubali jibu la "tumeshaondoa" bila kusomewa orodha. Halafu piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa namba nyingine, kwani mwizi aliyeelekeza simu zako anaweza kupokea uthibitisho wa sauti badala yako. Ukikuta namba usiyoijua, ##002# hufuta maelekezo yote. Piga benki pia, hata kama hujaona upungufu.

Ikiwa laini haishiki mtandao hata kwenye kitochi, acha yote haya uende ofisi ya mtandao wako ukiwa na kitambulisho. Huenda namba yako imeshahamishiwa laini nyingine, na hapo kila saa ina gharama.

Baada ya pesa zinafuata akaunti, na ya kwanza ni barua pepe, kwa sababu kila akaunti nyingine, nenosiri lake likisahauliwa, huuliza barua pepe. Tumia kompyuta au simu safi, fungua kivinjari katika hali fiche, ingia kwenye akaunti ya Google, ubadilishe nenosiri, kisha ondoa vifaa vyote usivyovitambua pamoja na simu iliyoambukizwa. Angalia namba na barua pepe za kurejesha akaunti. Huko ndiko mwizi makini huacha mlango wake wazi: utabadilisha nenosiri leo, naye atalirejesha kesho kwa barua pepe yake aliyoiweka humo. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Akaunti iliyoachwa wazi kwenye simu ya jirani ni tatizo jipya. Kwenye WhatsApp angalia vifaa vilivyounganishwa, toa vyote, kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili wenye tarakimu sita.

Hapa pana jambo ambalo halimo kwenye mipangilio ya simu yoyote, nalo ni aibu. Mtu aliyebonyeza linki hukaa kimya siku mbili, tatu, akitumaini mambo yatatulia. Wakati huo meseji ileile imeshawafikia watu wote walio kwenye orodha yake, na wao wanaibonyeza kwa sababu imetoka kwake. FluBot, programu hasidi iliyosambaa mwaka 2021 kwa meseji za kudai una mzigo unaosubiriwa, iliishi kwa njia hiyo hiyo: ilichukua namba za watu wako na kuzitumia linki. Ilichukua ushirikiano wa polisi wa nchi 11 kuuzima mtandao wake, Mei 2022. Wapigie watu wako kwa sauti, siku hiyohiyo. Usitume meseji, kwa maana meseji ndiyo wasiyopaswa kuiamini sasa. Anza na wazazi na wale wanaotunza pesa za kikundi.

Aibu ndiyo silaha ya programu za mikopo ya haraka pia. Hizo huomba orodha ya namba na picha zako siku ya kujiandikisha, na mkopo ukichelewa, bosi wako, shemeji yako na jirani yako hupokea meseji za kukudhalilisha. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake la Play Store kufikia orodha ya namba wala picha. Kwa hiyo programu ya mkopo inayokuomba namba za watu wako inavunja sharti la duka au haikutoka dukani kabisa, na kwa vyovyote vile una haki ya kuikatalia.

Pesa na akaunti zikishakuwa salama, ndipo unaweza kuikabili simu yenyewe, tena bila haraka. Iwashe katika hali salama: bonyeza kitufe cha kuzima hadi menyu itokee, kisha shikilia neno la kuzima kwa sekunde chache hadi iulize kuhusu hali salama. Simu nyingine hutumia kitufe cha kupunguza sauti wakati wa kuwaka. Katika hali hiyo programu ulizoziweka mwenyewe hazifanyi kazi, na ukurasa uliokuwa ukijifunga utatulia.

Sasa pita vibali kwa utaratibu huu, maana ukianza na kitufe cha kuondoa utakikuta kimefifia hakibonyezeki. Anza na ufikivu: zima kila huduma usiyoijua. Nenda kwenye programu za msimamizi wa kifaa, utoe kibali cha ile unayoishuku, kwani programu yenye usimamizi haiondoleki. Tazama zinazoruhusiwa kusoma arifa. Programu inayosoma arifa huweza kuona tarakimu za uthibitisho hata kama haina ruhusa ya meseji, na hilo watu wengi hawalijui. Tazama zinazoonyesha vitu juu ya programu nyingine, kwa sababu hizo ndizo zinazotandika ukurasa bandia wa benki juu ya ule wa kweli. Tazama ni programu gani imewekwa kuwa ya meseji ya msingi. Mwisho kabisa tazama zinazoruhusiwa kuweka programu zisizojulikana. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 kibali hiki hutolewa kwa kila programu peke yake, kwa hiyo ukikuta kivinjari, WhatsApp na programu ya kurushiana mafaili zote zimeruhusiwa, zote tatu ni milango iliyoachwa wazi. Ifunge. Baada ya hapo ndipo ubonyeze kuondoa.

Programu nyingine huficha alama yake, au hujiita "Huduma za Mfumo" na kuvaa picha ya gia. Kwa mwenye kompyuta, njia ya uhakika ni kubonyeza Nambari ya muundo, iliyo kwenye ukurasa wa Kuhusu simu, mara 7 ili chaguo za wasanidi zifunguke, kuwasha utatuzi wa USB, kuunganisha simu na kompyuta yenye adb (zana ya kuiamrisha simu ya Android), kisha kuandika kwenye kompyuta adb shell pm list packages -3. Orodha itakayotoka ina majina halisi ya programu zilizoongezwa baada ya simu kutoka kiwandani, na humo vazi la gia halisaidii. Jina linalofanana na la mfumo lakini limo kwenye orodha hiyo ndilo la kuangaliwa kwanza. Ondoa kwa adb uninstall na jina kamili, kisha zima utatuzi wa USB. Usifute usichokijua kwa sababu tu jina lake ni la ajabu. Simu iliyofutiwa kipande cha mfumo inaweza isiwake.

Ukishaipata, jiulize iliingilia wapi, maana mlango usipofungwa wiki ijayo utakuwa palepale. Mlango mkubwa katika nchi ambazo bando ni ghali ni kupeana programu mkononi: kwa Bluetooth, kwa kadi ya kumbukumbu, kwa programu za kurushiana. Sioni haki kumlaumu mtu kwa hili. Kupakua programu kubwa kwa kila simu nyumbani ni anasa, na kupeana ni busara ya kubana matumizi. Lakini faili la APK, yaani faili la kuwekea programu, lililopitia mikono kumi linaweza kuwa limefunguliwa na kushonwa upya na mmojawapo. Kuna kipimo rahisi kisichomaliza bando. Ukishaweka programu uliyopewa, fungua ukurasa wake dukani ujaribu kuisasisha toleo jipya likitoka. Kila programu hubeba sahihi ya mtengenezaji, na simu haikubali kuweka toleo lenye sahihi moja juu ya lenye sahihi nyingine. Duka likishindwa kuisasisha wakati nafasi na mtandao vipo, chukulia kwamba ulichopewa kimechezewa. Programu za benki, za pesa na za meseji usizipokee mkononi kabisa. Hizo gharamia bando.

Mlango wa pili ni WhatsApp zilizoongezewa mapambo. Mnamo Agosti 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilikuta programu hasidi iitwayo Triada ndani ya FMWhatsApp toleo 16.80.0, na mwaka uliofuata ikaikuta tena ndani ya YoWhatsApp, safari hii ikiiba funguo za akaunti. Watu waliziweka kwa ajili ya rangi na kusoma meseji zilizofutwa. Programu hizo tayari zina ruhusa ya meseji, kipaza sauti na mafaili kwa sababu wewe mwenyewe umezipa, hivyo hasidi anayekaa ndani yake hahitaji kuomba chochote.

Dukani nako si salama kwa asilimia mia. Mwaka 2020 Google ilisema imeshaondoa programu takriban 1,700 za familia ya Joker. Nyingi za aina hii huja kama kihariri cha picha, kibodi, mandhari ya skrini. Ishara yake ni ombi lisilolingana na kazi. Mandhari ya skrini haina haja ya kusoma arifa zako.

Mlango wa nne unafunguliwa kwa sauti ya mtu. Android 13 ya mwaka 2022 ilianza kuzuia programu zisizotoka dukani zisipate ruhusa ya ufikivu kirahisi, na matapeli wakajibu kwa kukupigia, wakijiita watu wa benki, na kukuelekeza hatua kwa hatua namna ya kuruhusu mipangilio yenye vikwazo. Simu inapokukatalia jambo na mtu aliye upande wa pili anakufundisha namna ya kulilazimisha, kata simu.

Je, kuondoa programu kunatosha? Kama ilikuwa na ufikivu au usimamizi wa kifaa, hapana, futa simu yote. Hapo kuna makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni kufuta simu dakika chache baada ya kubadilisha nenosiri la Google, kisha simu inapowaka inadai akaunti ya zamani na kukufungia nje. Google hushauri kusubiri saa 24 baada ya kubadilisha nenosiri. Iache imezimwa, bila laini. Futa kupitia Mipangilio, si kwa vitufe wakati wa kuwaka. La pili ni kunakili kila kitu kwenye kadi kwa ajili ya usalama. Nakili picha na hati tu, na ufute mafaili yote yanayoishia na .apk. Picha za miaka mingi zikipotea huuma kuliko pesa, kwa hiyo fungua chache kwenye kifaa kingine uhakikishe zinafunguka kabla hujafuta. La tatu ni kurudisha kila kitu kwa mpigo baada ya kufuta. Zana za kuhamisha za watengenezaji wengine huhamisha hata programu zisizotoka dukani, na mgonjwa hurudi nyumbani na ugonjwa wake. Anza simu kama mpya, rudisha namba za watu, weka programu moja moja.

Matangazo yakirudi kwenye simu iliyofutwa kabla hujaweka programu yoyote, usiifute mara ya pili. Kufuta husafisha sehemu ya data ya mtumiaji. Hakugusi sehemu ya mfumo, na kirusi kiko huko. xHelper, programu hasidi iliyosumbua watu tangu 2019, ilifanya hivyo hasa kwenye simu zenye Android 6 na 7: ilijipatia mamlaka ya juu, ikajinakili ndani ya mfumo, ikarudi kila baada ya kufutwa. Wakati mwingine mwenye simu hakukosea lolote. Juni 2019 Google ilieleza jinsi Triada ilivyoingizwa kwenye baadhi ya simu kupitia mkandarasi wa nje aliyetumwa kuongeza kipengele kwenye mfumo kabla simu hazijauzwa. Mwaka 2020 watafiti wakaripoti simu za bei nafuu zilizonunuliwa na watu wa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zikiwa na Triada tangu kwenye boksi, zikiwaandikisha wenyewe kwenye huduma za kulipia na kuwamalizia salio. Jambo hili linaniudhi, kwa sababu aliyekuwa na pesa kidogo kuliko wote ndiye aliyekatwa.

Dawa ya hapo ni kuflash, yaani kuweka upya kwa kompyuta, mfumo rasmi wa modeli hiyohiyo, kwa namba kamili iliyo kwenye ukurasa wa Kuhusu simu. Muulize fundi faili amelitoa wapi. Mfumo uliookotwa kwenye tovuti yoyote unaweza kuwa na kirusi kilekile, na kuna mafundi waaminifu wanaosambaza maradhi bila kujua. Mtengenezaji asipotoa mfumo rasmi, simu hiyo isiguse tena pesa, barua pepe wala WhatsApp. Isikilizwe redio, isomewe nje ya mtandao. Usiiuze; anayenunua atakatwa kama ulivyokatwa wewe.

Simu ikishakuwa safi, weka namba ya siri ya laini kabla ya kuirudisha ndani, ili atakayeiba laini asiweze kuitumia kwenye simu yake. Iandike mahali: ukikosea mara 3 itaomba PUK, namba ya kuifungulia laini, na PUK ikikosewa mara 10 laini hufa. Fungua Play Protect, kinga ya Google iliyo ndani ya Play Store, uhakikishe imewashwa, maana programu hasidi huomba izimwe mapema. Angalia tarehe ya sasisho la usalama kwenye ukurasa wa toleo la Android, na ukiwa na Wi-Fi ya bure mahali, itumie kwa sasisho kabla ya video.

Kwa siku 30 zinazofuata, andika salio asubuhi na jioni, na baada ya siku hizo piga tena huduma kwa wateja usomewe orodha ya huduma, kwa sababu nyingine hujihuisha kila mwezi na kuibuka upya. Tarakimu za uthibitisho zikiingia bila kuombwa, usidhani lazima kirusi kimerudi, kwani hata simu safi huzipokea: maana yake kuna mtu bado ana namba yako na anajaribu kuingia. Usizisome kwa yeyote atakayepiga dakika moja baadaye. Badilisha nenosiri la akaunti iliyotajwa kwenye meseji, siku hiyohiyo.